Anza na Gunia: Kwa Anayejifunza Kuandika Programu Akiwa Baray

Usianze na kozi. Anza na gunia la vitunguu.

Nakuandikia wewe kijana wa Baray, uwe Qangdend au Mbuga Nyekundu, mwenye simu janja ya kawaida, bando la kubana na hamu kubwa ya kujifunza kuandika programu, ila unaogopa kwamba hamu hiyo itakuishia njiani. Hofu yako ina msingi. Wengi huanza kwa moto, hutazama video tatu nne, huandika ule mstari wa kwanza wa kuisalimia dunia, na mwezi haujaisha simu imerudi kwenye mpira na vichekesho. Kisha hujilaumu kwamba ni wavivu. Mimi siamini kwamba ni uvivu. Walikuwa wakiandika programu ambazo hapakuwa na mtu anayezisubiri. Programu ya kutafuta eneo la duara haina mwenyewe. Ukiiacha nusu hakuna atakayekuuliza imefikia wapi, na ukiimaliza hakuna atakayeitumia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua lugha ya programu, kabla ya kuhangaika na kompyuta usiyo nayo, mtafute mtu mwenye hesabu inayomsumbua. Huku bonde la Eyasi huna haja ya kwenda mbali. Kitunguu kinacholimwa kwa maji ya chemchemi na mifereji kimejaa hesabu tangu mbegu hadi soko, na aina ya Mang'ola Red imelibeba jina la bonde hili hadi mashamba ya mikoa mingine. Kuna kukodi shamba, mbegu, miche ya kitalu, vibarua wa kupandikiza, mbolea, dawa, mafuta ya pampu kwa wasiofikiwa na mfereji, vibarua wa kung'oa, akina mama wa kukata majani, magunia, kamba, usafiri. Sehemu kubwa ya hesabu hizo iko kichwani mwa mtu au kwenye kurasa za nyuma za daftari la mtoto wa shule. Msimu ukiisha, mkulima anajua pesa aliyoishika mkononi. Faida yake hasa mara nyingi haijui.

Hapo ndipo pa kuanzia.

Programu ya kwanza: bei ya kilo

Unaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linaongezewa kilemba cha wavu na kamba juu yake, na bei inabaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umepambana na ufungashaji huo kwa miaka, na sheria inataka mazao yauzwe kwa uzito. Lakini shambani, mbele ya dalali mwenye gari na haraka, mkulima mwingi bado anauza kwa macho. Tuseme mama yako ameuza gunia kwa shilingi 120,000 akiamini ni la kilo 100. Kwa hesabu yake hiyo ni shilingi 1,200 kwa kilo. Kumbe lilikuwa na kilo 130.

Programu yako ya kwanza imuonyeshe alichouza. Ukiiandika kwa Nuru, lugha ya programu ambayo amri zake ni za Kiswahili, inakuwa hivi:

fanya bei = 120000
fanya kilo = 130
andika(bei / kilo)

Jibu litakuja 923 na ushee. Kwa Python ni karibu yale yale:

bei = 120000
kilo = 130
print(bei / kilo)

Mistari mitatu tu, lakini ndani yake umeshajifunza kuweka thamani kwenye jina, kugawanya, na kutoa jibu kwenye skrini. Sasa nenda jikoni au shambani na simu yako. "Shikamoo mama. Lile gunia la juzi lilipimwa kilo ngapi?" Atakuambia halikupimwa. Mwambie akisie, ingiza namba, muonyeshe. Usimhubirie habari za teknolojia. Mwache aitazame ile 923. Atanyamaza kidogo, halafu atakuuliza swali: "Na kama ningemuuzia yule mwingine kwa laki na kumi, gunia la kawaida?"

Swali hilo lina thamani kuliko cheti. Sasa una somo la pili, na hukulichagua wewe wala mwalimu wa video: kulinganisha bei mbili na kusema ipi bora. Kwa Nuru utahitaji kama na sivyo. Kwa Python if na else. Utalisoma somo la masharti usiku huo huo kwa sababu kesho asubuhi kuna mtu anataka jibu. Katika kujifunza kazi hii sijaona kinachodumisha hamu kuliko kuulizwa na mtu aliyeitumia jana.

Hata kazi kubwa zimekua kwa njia hiyo. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao midogo kwa simu. Watu wa majaribio wakaanza kuitumia kwa haja zao, ikiwamo kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiitengeneza waliyatazama hayo, na ilipozinduliwa Machi 2007 kazi ya kumtumia pesa mtu wa nyumbani ndiyo iliyotangulizwa. Mwaka uliofuata Vodacom iliileta Tanzania. Wewe unaye mama mmoja na gunia moja, lakini unachopaswa kutazama ni kile kile: mtumiaji anafanya nini na ulichompa, na anataka nini ambacho bado hujampa.

Kutoka hapo njia inajifungua yenyewe. Magunia yakiwa mengi, kila moja na uzito wake, utahitaji orodha, na kitanzi cha kuipitia moja baada ya jingine. Ukitaka gharama za msimu zibaki hata simu ikizimwa, utajifunza kuandika kwenye faili na kusoma kutoka faili. Ukihamia kwenye zamu ya maji, mambo yananoga zaidi: nani anafungulia mfereji saa ngapi, kwa muda gani, nani anafuata, na kama mmoja akikosa zamu yake wengine wanasogeaje. Ni tatizo la kweli la kupanga, lina tarehe, saa, majina na sharti la haki, na watu huligombania. Usilikimbilie mapema. Lisubirishe hadi programu ya magunia ifanye kazi bila kukuaibisha. Na ukifika huko, nenda kwanza kwa viongozi wa watumia maji ukawasikilize wanavyopanga sasa, kwa sababu utaratibu wao una sababu ambazo hazionekani kwa anayepita kwenye tuta.

Jambo moja la kuzingatia hapo: siku utakayoanza kuweka majina ya wakulima na namba zao za simu, unashika taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waombe ruhusa, kusanya kile unachohitaji tu, na usimpe mfanyabiashara orodha hiyo hata akikuahidi soda au vocha.

Makosa

Hapa ndipo wengi huachia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu anayejifunza kupika akikosea chumvi, wali unaliwa. Programu haina huruma hiyo; bano moja likisahaulika, haiendi kabisa, na inakujibu kwa Kiingereza chenye maandishi mekundu. Anayeanza huyasoma maandishi hayo kama hukumu juu ya akili yake. Yaondoe kwenye nafasi hiyo. Ni taarifa, na kwa Python ina mpangilio unaojulikana: isome kutoka chini. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa. Mistari ya juu yake inakuambia ni mstari wa ngapi wa programu yako ulioleta shida. Nenda kwenye mstari huo. Usipoona kosa, tazama mstari uliotangulia, kwa sababu bano lisilofungwa juu huonekana kama kosa la chini.

Kisha tenga daftari la makosa, daftari la karatasi. Aina zitakazokukuta miezi ya mwanzo hazizidi vidole vya mikono miwili. SyntaxError: umekosea uandishi, tafuta mabano, nukta mbili au alama ya nukuu. NameError: umetaja jina ambalo programu haijawahi kuambiwa, pengine uliandika kio badala ya kilo. IndentationError: nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani. ZeroDivisionError: umegawanya kwa sifuri, yaani mtu ameacha kilo ikiwa 0. Kila moja liandikie kwa maneno yako lilikupataje na ulilitatuaje. Kosa lile lile likirudi mara ya tatu utalitambua kabla hujafungua daftari, na hapo utajua kwa uhakika kwamba umesogea, hata kama bado hujatengeneza kitu cha kumwonyesha mtu.

Kuna kosa moja nakutahadharisha mapema kwa sababu halitoi maandishi mekundu. Katika Python, anachoandika mtumiaji programu ikimuuliza swali hupokelewa kama maandishi, hata kama ni namba tupu. Ukimuuliza mama uzito wa gunia la kwanza akaandika 130, na la pili akaandika 130, ukajumlisha, jibu halitakuwa 260. Litakuwa 130130, maandishi mawili yaliyounganishwa. Programu italiandika jibu hilo kama kawaida, bila kulalamika. Dawa yake ni kukifunga kilichoandikwa ndani ya int() ili kigeuke namba. Lakini dawa kubwa zaidi ni mazoea: kila ukiongeza kitu, jaribu kwa namba ndogo unazoweza kuzihesabu kichwani, gunia moja la kilo 10 kwa shilingi 1,000, uone kama linatoka 100. Mkulima akikukamata umekosea hesabu mara mbili, hatarudi kukuuliza tena, nawe utakuwa umempoteza yule aliyekuwa akikusukuma.

Ukikwama zaidi ya nusu saa kwenye jambo moja, simama. Andika kwenye daftari: nilitaka nini, niliandika nini, imenijibu nini. Kisha kafungulie maji mferejini au lala. Mara nyingi sentensi hizo tatu zinatosha kukuonyesha kosa kesho yake, na zisipotosha, ndizo utakazompelekea mtu wa kumuuliza.

Simu, bando na umeme

Kompyuta ni nzuri, lakini usiisubiri. Kwenye simu ya Android, programu iitwayo Pydroid 3 inaendesha Python bila intaneti ikishapakuliwa. Nuru unaweza kuijaribu mtandaoni, na kwa simu ipo njia ya kuiweka kupitia Termux. Kuhusu kipi uanze nacho, maoni yangu ni haya: kama Kiingereza kinakutisha, wiki za kwanza tumia Nuru, ili ugumu unaopambana nao uwe wa kufikiri na siyo wa lugha. Ni lugha changa, vitabu vyake ni vichache na huwezi kuitegemea peke yake. Ukishaielewa kama, wakati na orodha, hamia Python. Utakuta fikra ni zile zile na maneno ndiyo yamebadilika. Usiruke ruke kati ya lugha tano kwa kusikia kijana wa Dar es Salaam anasifia hii au ile.

Video zinakula bando na zinadanganya. Ukimtazama mtu anaandika, unahisi umeelewa. Ukifunga simu na kuanza mwenyewe, kichwa kitupu. Kwa hiyo kila dakika kumi za kutazama, zifuate kwa kuandika kile kile bila kukitazama. Kila unapopanda Karatu mjini ambako mtandao ni mzuri, pakua vitu vya kusoma nje ya mtandao: maelezo rasmi ya Python yanapatikana kupakuliwa bure kwenye tovuti yake, na maandishi yake ni mepesi kwa simu kuliko video. Masomo ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard na yale ya freeCodeCamp pia ni ya bure. Hii nasema kwa msisitizo kwa sababu kuna watu wanauza kozi kwa kuahidi ajira ndani ya miezi michache. Usiuze mbuzi kwa ahadi hiyo. Kazi hii inalipa wanaodumu nayo kwa miaka, na hata hao si wote.

Kama nyumbani hakuna umeme, panga muda wa kuandika mara baada ya simu kutoka kuchajiwa, punguza mwanga wa skrini, zima data. Kabla ya kushika simu, andika programu kwenye karatasi. Ukiwa na karatasi iliyokwisha kufikiriwa, betri ya nusu inatosha jioni nzima. Na kila unapopata mtandao, jitumie faili zako kwa barua pepe au ziweke GitHub, maana simu huibiwa na huanguka mferejini.

Usiwe peke yako

Tafuta mwenzako mmoja. Simu moja kwa watu wawili inafaa kabisa: mmoja anaandika, mwenzake anasoma kwa sauti na kukamata makosa, kisha mnabadilishana. Kijiji kina mwalimu wa sekondari anayejua kompyuta kidogo. Kuna mtoto wa jirani anayesoma Arusha, iwe chuo cha ufundi, cha uhasibu au Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, na likizo hurudi nyumbani. Mwendee na zile sentensi tatu za daftari, usimwendee na "nifundishe kompyuta." Swali dogo lenye mwanzo na mwisho hujibiwa hata na mtu mwenye haraka.

Siku hizi utamkuta pia msaidizi wa akili mnemba kwenye simu, anayekubali Kiswahili. Mtumie kukueleza maana ya kosa, au kukutungia mazoezi matano ya vitanzi yanayohusu magunia. Usimwachie aandike programu nzima mwezi huu wa kwanza. Ataiandika, itafanya kazi, na mama akiuliza swali lake la pili hutajua pa kugusa.

Wazee watasema unacheza na simu. Usibishane nao. Wengi wao wana kiswaswadu, na hawawezi kufungua unachotengeneza; kwa hiyo wasomee majibu kwa sauti, au watumie kwa ujumbe mfupi. Njia hiyo si ya kudharau. Mwanzo wa 2008 Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliomba mtandaoni watu wa kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zilikotokea. Yeye na wenzake, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waliisimamisha Ushahidi kwa siku chache, na mwananchi aliweza kutoa taarifa kwa ujumbe wa simu ya kawaida, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Walikuwa na ujuzi tayari, wewe ndiyo unaanza, lakini fuata walivyoanzia kwenye simu ya mtu. Siku moja utataka kutengeneza huduma ya kubonyeza namba na nyota kwa wenye viswaswadu, na kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi inatoa mahali pa kuifanyia majaribio bila malipo. Wazo hilo liweke kwenye daftari, ukurasa wa nyuma.

Msimu ukiingia

Wakati wa kupandikiza na wakati wa kung'oa hutaandika kitu, au utaandika kidogo sana. Lipange hilo tangu mwanzo. Ratiba ya "saa mbili kila siku" iliyotungwa na mtu wa mjini itavunjika wiki ya kwanza ya mavuno, na mtu akishavunja ratiba yake hujiona ameshindwa. Jiwekee nusu saa siku nne za wiki katika miezi mepesi. Katika miezi mizito, jukumu lako liwe moja tu, kukusanya: uzito wa magunia halisi, bei halisi, gharama halisi, kwenye daftari. Hizo zitakuwa chakula cha programu yako baadaye, nazo zina ladha kuliko namba za kubuni.

Kabla ya kuacha, iache programu ikiwa inafanya kazi, hata kama ni ndogo, na juu yake andika maelezo ya mistari miwili: inafanya nini, na nilikusudia kuongeza nini. Kwa Python mstari unaoanza na alama ya # hausomwi na mashine, ni wako.

Ukirudi baada ya wiki sita utakuta umesahau mengi. Usirudi kwenye somo la kwanza la kozi. Fungua ile programu ya mwisho, iendeshe uione inafanya kazi, kisha isome mstari kwa mstari ukisema kwa sauti kila mmoja unafanya nini. Ukikuta mstari usioukumbuka, badili namba yake moja uone jibu linabadilikaje. Ingiza magunia matatu ya msimu uliopita kutoka kwenye daftari. Halafu mwulize mama, au baba, au jirani aliyeuza pamoja nanyi, msimu huu dalali amewapiga wapi, na uanze kuandika kutoka kwenye jibu lake.